Nani Anamsindikiza Nani?

Kuna dai linalorudiwa kila jazz inapotajwa, na wiki hii limeniudhi tena: kwamba huo ni muziki wa kila mtu kufanya alitakalo, na kwamba wapiga piano, besi na drams wapo tu kumsindikiza nyota aliyesimama mbele. Anayeamini hivyo asikilize “Nefertiti”, kibao kilichorekodiwa New York mwezi Juni 1967 na kundi la watu watano la Miles Davis. Wapulizaji ni wawili, Davis mwenye tarumbeta na Wayne Shorter mwenye saksafoni. Kwa karibu dakika nane wanarudia mahadhi yale yale aliyoyatunga Shorter, wala hakuna anayechomoka kupiga solo. Mara nyingine mmoja anachelewa kidogo nyuma ya mwenzake, sauti zinaachana, zinakutana tena, lakini mahadhi hayaachwi. Mambo yanatokea chini yao. Tony Williams anaanza kwa utulivu kwenye matoazi, kisha anaongeza, anavuruga, anamimina mapigo mpaka drams ndizo zinazoongoza mazungumzo. Herbie Hancock anaingia na piano pale mahadhi yanapovuta pumzi, halafu anajiondoa. Ron Carter anabadilisha mwendo wa besi bila kupoteza njia. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua kuwa gitaa la rithimu na la besi yakitetereka, solo tamu haina pa kusimama. Hapa solo yenyewe imeondolewa, na kilichobaki kinajitosheleza.

Najua nitakavyojibiwa: Davis ndiye aliyekuwa mkubwa, jina lake ndilo lililo kwenye jalada, kwa hiyo uhuru wa wenzake ulikuwa hisani yake tu. Kweli, alikuwa mkubwa. Alikuwa na miaka 41 na Williams alikuwa na 21. Lakini hapo ndipo uzito wa jambo ulipo, kwa sababu mwenye uwezo wa kuwanyamazisha wengine ndiye aliyechagua kuwawekea uwanja. Tena tazama albamu nzima iliyobeba jina la kibao hicho. Ina tungo sita: tatu za Shorter, mbili za Hancock, moja ya Williams. Ya Davis hakuna hata moja. Wakubwa wetu wengi, maofisini na hata majumbani, huita “kusikiliza” ule ukimya wa kungoja zamu yao ya kusema. Davis alipiga kazi za vijana wake, akaacha walichosema kibadilishe alichokuwa akikisema yeye.

Wengine watalalamika kwamba kurudiarudia kunachosha. Kunamchosha anayengoja tarumbeta imfurahishe. Mahadhi yakitulia mahali pamoja, sikio linapata nafasi ya kugundua kwamba kila mzunguko una sakafu tofauti, na kwamba noti ile ile inasikika kwa huzuni au kwa ukali kutegemea Hancock ameweka nini chini yake. Hata kunyamaza kulikuwa na kazi katika kundi hili. Katika albamu yao “Miles Smiles”, iliyorekodiwa Oktoba 1966, kuna vibao ambamo Hancock hatumii kabisa mkono wa kushoto, na nafasi hiyo inawapa wapulizaji na besi uhuru wa kwenda watakako.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba haya yaliwezekana kwa sababu hawa watano walikuwa na vipaji vya ajabu. Sikatai. Ila kipaji peke yake hakielezi jinsi Williams alivyojua ni lini avuruge na ni lini aache. Yeye, Hancock na Carter walikuwa na Davis tangu 1963, na Shorter alijiunga 1964. Kufikia Juni ile walikuwa wamepiga pamoja jukwaani kwa takriban miaka mitatu, Marekani na Ulaya, mbele ya watu waliokuja kumwona mmoja tu kati yao. Uhuru wa “Nefertiti” ulilipiwa huko, usiku baada ya usiku, na anayetaka kikundi chake kisikilizane namna hiyo baada ya semina ya siku mbili anataka mavuno ya shamba ambalo hajalilima.