Watoto wa Pangoni

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, katika chumba changu cha kupanga hapa Mbinga mjini, watu wazima watano tulimaliza kabila zima kwa muda usiofika saa moja. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi tukalazimika kupaza sauti. Chupa ya chai ilikuwa katikati ya meza, juu ya ramani niliyoichora kwa kalamu ya wino. Mwishoni tuligawana nyara: dhahabu, mikuki, ng'ombe. Mmoja wetu hakutaka chochote. Alitia simu mfukoni, akasema, "Mwalimu, hawa tuliowaua leo ni sisi," akaazima mwavuli, akaondoka.

Kwa asiyeujua, mchezo wetu hauna mshindi. Mmoja, yaani mchezeshaji, anasimulia dunia ya kubuni. Wengine kila mmoja anashika mhusika wake na kusema atafanya nini, na dadu huamua kama amefaulu. Ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tuliupata kwa faili lililotumwa kwenye simu, na dadu yetu ya pande ishirini ni programu ya simu vilevile.

Mchezeshaji ni mimi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nawapa wenzangu maadui wa kwenye kitabu, na walikuwa wanawasahau kabla chai haijapoa. Nilitaka adui wa kukumbukwa. Basi nikabuni kabila la mazimwi na kulipa kila kitu: ngao ndefu za ngozi ya ng'ombe, mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu, wimbo wa kuingilia vitani, na namna ya kushambulia kwa pembe mbili zinazozunguka huku kifua kikisukuma katikati. Jina nililitoa kwa bibi yangu. Niliwaita Mazitu.

Msomaji wa Ruvuma ameshaelewa. Mazitu ndilo jina ambalo watu wa Ziwa Nyasa waliwaita wavamizi wa Kingoni. David Livingstone aliliandika katika safari zake za ziwani miaka ya 1860. Wangoni walitoka Afrika Kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na katikati ya karne ile makundi yao yalikuwa yamefika nchi ambayo leo tunaiita Songea. Wamatengo, watu wangu, walibanwa milimani. Huko kwenye miteremko mikali walilima kwa ngolo, vile vishimo vinavyopangwa mlima mzima kama masega ya nyuki ili maji ya mvua yasiondoke na udongo. Mgeni akipita leo anapiga picha, lakini si wengi wanaojiuliza kwa nini watu walikubali kuishi mahali palipoinuka namna ile.

Rafiki yangu aliyeondoka na mwavuli ni Mngoni wa Peramiho.

Usiku ule nilijitetea kichwani kwa hoja ya kwanza inayomjia kila mtu: ni mchezo tu. Anayecheza bao hakamati watu, anakamata kete. Anayekula "mfalme" kwenye drafti hajapindua serikali. Lakini hoja hiyo haikunisaidia, kwa sababu kete haina wimbo. Mimi mwenyewe ndiye niliyekataa maadui wangu wawe kete. Niliwapa chakula, mavazi na desturi za maziko ili wakumbukwe. Kisha nikataka wauawe kama kete, bila swali. Nikaona nilikuwa nadai vitu viwili visivyokaa pamoja. Adui hukumbukwa kwa kuwa na sababu zake, na mwenye sababu zake ni mtu. Ukishamfanya mtu, kumuua hakuwi bure tena.

Tatizo hili ni la zamani kuliko meza yangu. Maorki, mazimwi yanayouawa sana katika michezo hii, yalitoka kwenye vitabu vya J.R.R. Tolkien, na Tolkien mwenyewe alihangaika hadi uzeeni na swali la kama kunaweza kuwa na jamii nzima ya viumbe wenye akili ambao ni waovu kwa kuzaliwa. Mwaka 1979 Gygax alitoa kisa cha kuchezesha kiitwacho Keep on the Borderlands. Kuna ngome mpakani, na ng'ambo yake kuna bonde lenye mapango. Katika mapango hayo yanaishi makabila ya mazimwi, nao mashujaa wanatoka ngomeni kwenda kuwaua na kuchukua mali. Kisa kinaorodhesha waliomo humo pangoni, wakiwemo watoto wasiopigana. Vizazi vya wachezaji vimebishana: watoto hao wafanywe nini? Mwaka 2020 wenye mchezo walitangaza kwamba maorki na wenzao watasimuliwa kama watu wenye utashi na maadili mbalimbali, na katika kitabu cha mwaka 2024 orki ni mhusika ambaye yeyote anaweza kumcheza.

Kisa hicho nilikichezesha mwaka juzi, na sikuona kitu. Nilikuja kukiona usiku ule, nilipoikumbuka hadithi ya bibi.

Bibi alisimuliwa na bibi yake, ambaye alikuwa mtoto enzi za uvamizi. Mazitu walipoonekana, watu walikimbilia pangoni. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto akalia. Mama akamziba mdomo kwa titi, kisha kwa kiganja. Wakasikia nyayo zikisimama mlangoni. Mtu mmoja alikuwa pale, kivuli chake kimeingia ndani. Mtoto akalia tena, mara moja, kwa sauti ndogo. Kile kivuli kikakaa kidogo, kisha kikaondoka, na nyayo zikateremka kuwafuata wengine. Bibi alipofika hapo kila mara alinyamaza, kisha akauliza: "Hakusikia, au alijifanya hakusikia?"

Basi waliokuwa pangoni ni sisi. Katika kisa cha Gygax, babu zangu ndio waliomo kwenye orodha, watoto wasiopigana, na anayeingia na mkuki kutafuta mali ndiye shujaa. Nilikuwa nimegeuza meza bila kujua. Niliwapa wajukuu wa pangoni mikuki, nikawaweka Mazitu mahali petu.

Mtu anaweza kusema hiyo ni haki. Aliyeteswa ana haki ya kumwita mtesi wake zimwi, na sitaki kuipuuza hoja hiyo. Hofu ya wale wa pangoni ilikuwa ya kweli. Watu waliuawa, wengine walitekwa. Sina ubavu wa kumwambia mama aliyeziba mdomo wa mwanawe kwamba achague maneno vizuri. Ila mimi sikuwa pangoni. Mimi nilikuwa mezani, nina chai, na hofu ile nilikuwa naiazima kama kiungo cha mboga.

Tena historia inagoma kukaa upande mmoja. Wangoni waliotoka kusini walikuwa wachache. Jeshi lao lilikua kwa mateka na watu walioshindwa, ambao waliitwa sutu, na watoto wa sutu wakaja kujiita Wangoni. Kwa hiyo kabila la mazimwi lililotujia kutoka mashariki lilikuwa na watoto wa majirani ndani yake, pengine na wetu. Halafu likaja zamu lao. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Maji Maji pale Songea, na leo kuna makumbusho mahali hapo. Kwa aliyewanyonga, wao ndio waliokuwa wakali wa porini wasiosikia neno ila kamba. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tusijitoe. Lugha yetu ilikuwa na neno lake tayari kabla Mzungu hajafika: mshenzi. Pwani ililitumia kwa watu wote wa bara, Mmatengo na Mngoni kwa pamoja.

Nikajiuliza kama hadithi zetu za jioni nazo zina dhambi hiyo, maana zimejaa mazimwi. Nadhani zina tofauti. Zimwi la bibi ni mmoja. Lina tamaa yake, lina nyumba yake, limemla mtu fulani, na linaadhibiwa kwa hilo. Sikumbuki kusikia shujaa wa hadithi akimaliza koo zima la mazimwi kwa kuwa walizaliwa mazimwi. Uovu wake uko kwenye kitendo, hauko kwenye ukoo.

Wala vita vya kweli havihitaji chuki ya ukoo ili viue. Kule chini ziwani, Liuli, Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Nahodha Rhoades na nahodha wa Kijerumani walikuwa wakinywa pamoja kabla ya hapo. Aliyepigwa hata hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Kisa hicho huwachekesha watalii, lakini mimi kinanitisha kidogo. Hata hivyo kinanifundisha kwamba adui mwenye jina hukumbukwa zaidi ya miaka mia, bila kupewa meno marefu.

Baada ya majuma matatu nilipanda basi hadi Peramiho kufuata mwavuli wangu. Ndivyo nilivyosema. Rafiki yangu alinikaribisha, akanipa ugali na dagaa wa Nyasa, na hakutaja mchezo hadi nilipouliza.

"Kaka, ulikasirikia jina?"

"Jina hapana," alisema. "Mimi na Mhehe tunaitana majina mabaya kuliko hilo, hadi msibani. Walipigana babu zetu, sisi tunataniana. Lakini utani una watu wawili. Mhehe akinitukana, anasubiri nimrudishie. Mazitu wako hawana mdomo. Wanaimba wakija, wanalia wakifa, basi."

Nilifikiri kwamba hilo ndilo nililokuwa nalitafuta vitabuni. Utani haufuti vita, wala hausemi kwamba hapakuwa na mapango. Unachodai ni kitu kidogo: adui apewe zamu ya kusema.

Siku hizi mezani kwetu kuna sheria mbili. Kila adui anaweza kusema, na kila adui anaweza kuacha. Anaweza kukimbia, kujisalimisha, au kukataa amri ya mkubwa wake. Bado tunapigana, na bado wapo waovu wanaostahili wanachokipata. Mmoja wa wachezaji analalamika kwamba mapigano yamekuwa marefu. Ni kweli. Mimi pia nina wasiwasi kwamba siku moja tutakuwa wastaarabu kiasi cha kusahau hofu ya pangoni, na huko nako ni kuwakosea.

Rafiki yangu alirudi kwa sharti moja: yeye amcheze Mzitu. Jumamosi iliyopita mhusika wake alipanda mlima mbele ya wenzake, akafika kwenye mdomo wa pango. Sikuwa nimewahi kumsimulia hadithi ya bibi. Nilimwambia tu kilichopo: giza, harufu ya watu, na sauti ndogo ya mtoto, mara moja.

Aliitazama ramani kwa muda. Kisha akauliza, "Naweza kujifanya sijasikia?"

Mwenzetu mmoja alishaishika simu tayari kurusha dadu. Nilimwambia airudishe mezani. Hilo halihitaji dadu.