Kazi, Ibada na Zamu ya Mwenzetu

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani. Twajiuliza: je, uhuru huo hukoma mlangoni mwa mahali pa kazi?

Wako wasemao kuwa usawa ni kuwapa wote saa zile zile. Sisi hatukubaliani nao. Mapumziko ya Jumapili humfaa Mkristo aendaye kanisani siku hiyo. Hayamfai Mwislamu mwenye swala ya Ijumaa adhuhuri, wala Msabato aitunzaye Jumamosi. Kumpa ruhusa mfanyakazi wa namna hiyo ni kumtendea haki, wala si kumpendelea.

Hata hivyo, mgonjwa wodini hangoji ibada imalizike. Muuguzi mmoja atokapo, mwenziwe hubaki na mzigo wa wawili. Kwa hiyo aliyeruhusiwa ana wajibu wa kulipa: naye aishike zamu ya mwenziwe siku ya Krismasi, kama alivyoshikiwa yake siku ya Idi. Tena asiye na dini asigeuzwe mshika zamu wa daima. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Msimamizi mwema hupanga zamu akilikumbuka hilo.