Jitihada, Kudura na Daftari

Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura. Methali hii husikika sana pale biashara ya mwanafunzi inapoharibika: mzigo haujafika, fedha za watu zimekwisha, na aliyezikusanya anajibu kwamba ndivyo Mungu alivyopenda. Wanaomdai hunyamaza, maana nani atabishana na kudura? Swali lililojificha hapo ni kongwe, na katika mabweni ya vyuo vyetu lina uzito wa fedha taslimu: kama matokeo yamo mikononi mwa Mungu, mpango wa binadamu una thamani gani? Jibu langu ni kwamba kumtegemea Mungu hakumpunguzii mtu wajibu wa kupanga, bali kunamwongezea. Mpango ndio unaotenga hasara, ambayo humpata yeyote, na hiana, ambayo mtu huitenda mwenyewe.

Tuanze na maandiko ambayo huonekana kuipinga mipango. Surat al-Kahf, aya ya 23 na 24, inamkataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawakemea wafanyabiashara wanaojisifu kwamba watakwenda mji fulani, watakaa mwaka mzima na kupata faida, ilhali ya kesho hawayajui. Ukisoma kwa haraka utadhani kosa ni kupiga hesabu. Kumbe kinachokemewa ni ulimi wa mtu anayeisemea kesho kana kwamba ni mali yake. Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mjenzi wa mnara ambaye hana budi kuketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Na aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu deni: liandikwe pamoja na muda wake, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Kitabu kilichomfundisha mja kusema inshallah ndicho kilichomwamuru ashike kalamu. Kisa cha Yusufu, kinachosimuliwa katika Biblia na Kurani, kinatuonyesha kwa nini mambo hayo mawili hayagongani. Miaka 7 ya neema na 7 ya njaa ilikuwa imekwisha kupangwa, na Yusufu hakuwa na uwezo wa kuongeza hata tone moja la mvua. Hilo halikumfanya akunje mikono. Kwa kuwa mvua haikuwa yake, alishughulikia kilichokuwa chake, yaani akiba ya nafaka. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifika hukohuko alipoeleza kwamba mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, eti anangoja Mungu amshibishe, hajatawakali, amepungukiwa akili.

Tulitazame jambo hili kwa karibu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amechukua oda ya fulana 60 za mahafali, kila moja shilingi 15,000, na kila mnunuzi ametanguliza nusu. Ana shilingi 450,000 mkononi, na kichwani tayari anaona faida. Akishika daftari, daftari linamwambia mengine. Mchapaji anataka 10,000 kwa kila fulana, alipwe kabla ya kuanza kazi. Usafiri ni 20,000. Jumla 620,000, kwa hiyo pengo ni 170,000. Faida ya 280,000 ipo kweli, lakini iko ng'ambo ya pengo hilo. Asiyeandika hulijaza kwa matumaini ya bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, na bumu likichelewa, watu 60 wanakwenda kwenye mahafali bila fulana. Aliyeandika ataona mapema kwamba anaweza kumwomba mchapaji atoe kwanza fulana 40, azigawe, akusanye nusu iliyobaki ya hizo, kisha alipie 20 za mwisho. Safari ya pili itamgharimu 20,000 nyingine, na faida itashuka hadi 260,000. Hizo 20,000 ndizo bei ya uaminifu wake. Wauza duka wetu wamelisema hili siku nyingi: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba ikiwa mali yenyewe ni amana za watu, kinachopotea si mali peke yake.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi amekwenda chuoni kusoma, si kuuza fulana. Hoja hii ina nguvu, nami siipuuzi, kwa sababu muda wake pia ni amana: ya mzazi aliyeuza mazao ili amlipie ada, na ya umma unaomkopesha. Mwalimu Nyerere, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1969, alisisitiza kwamba kupanga ni kuchagua. Anayeandika tarehe za kuchapa na kugawa fulana kando ya tarehe za mitihani ataona zinapogongana, na huenda mpango ukamwambia aiache oda hiyo. Mpango usioweza kumwambia mwenyewe hapana bado ni tamaa iliyovalishwa tarakimu. Wengine watasema kwamba maskini hana cha kupanga, kwani anayeishi kwa kungoja fedha za kujikimu hana uhakika hata wa chakula cha jioni. Ni kweli kwamba daftari halizai mtaji, na si haki kumlaumu mtu kwa uhaba aliozaliwa nao. Lakini mwenye akiba akikosea hulipa kwa akiba yake. Asiye na akiba akikosea, wanaolipa ni wenzake waliomwamini, na wengi wao ni maskini kama yeye. Hiyo ndiyo sababu ya kumtaka apige hesabu kwa makini kuliko tajiri.

Inabaki hoja ya methali yenyewe. Mtu anaweza kupanga vizuri, mashine ya mchapaji ikaharibika, na kazi yote ikaanguka. Kweli, jitihada haiondoi kudura, wala mimi sidai kwamba inaiondoa. Ila methali inazungumzia matokeo, haizungumzii wajibu. Mashine ikiharibika, aliyepanga atakuwa na orodha ya majina 60, atajua kila shilingi iko wapi, atawaeleza watu mapema na kuwarudishia kilichobaki, na kisichorudi atakiandika kuwa deni lake. Amepata hasara, na hasara si aibu. Asiyepanga, hata mashine isipoharibika, anaweza kujikuta amekula fedha za watu bila kukusudia, kisha anamsingizia Mungu. Neno inshallah halikuwekwa liwe maficho ya namna hiyo. Anayelitamka huku anapokea fedha ya mwenzake amemwita Mungu ashuhudie ahadi yake, kwa hiyo aandike jina, kiasi na tarehe palepale, mwenye fedha akiona.