Hizi Zote ni Mitetea

Kuna uongo unaosemwa na mtu ambaye hata yeye hajui ukweli. Najua maneno hayo yanagongana. Mwongo tuliyemzoea ni yule anayeujua ukweli na kuuficha. Lakini simama katika soko lolote la Kitui au Makueni, mbele ya katoni ya vifaranga wa kienyeji wa wiki tatu, umsikilize muuzaji: "Mama, hizi zote ni mitetea. Zote za kutaga." Hajui. Nawe hujui. Je, amekudanganya?

Tuanze na kuku mwenyewe. Katika umri huo hafichui siri yake kirahisi. Kuanzia wiki ya 6 hivi, upanga wa pora huanza kupanuka na kuwa mwekundu, huku wa mtetea ukibaki mdogo na wa kupauka. Hata hapo unaweza kukosea, maana kienyeji wetu wamechanganyika sana. Karibu miezi 3 ndipo manyoya husema wazi: pora huota manyoya marefu, yenye ncha na ya kung'aa, shingoni na karibu na mkia; ya mtetea hubaki na ncha za mviringo. Halafu asubuhi moja pora anajaribu kuwika, sauti imekwaruza kama ya mvulana wa Form 2, na mjadala unaishia hapo.

Sasa piga hesabu. Kila kifaranga ana takriban nafasi moja kati ya mbili ya kuwa jike. Ukiokota kumi bila kuchagua, uwezekano wa wote kuwa mitetea ni 1 kati ya 1,024. Muuzaji hana haja ya kikokotoo. Amekua na kuku, na hajawahi kuona kuku anayeangua mabinti watupu. Kwa hiyo kuna kitu kimoja anachokijua vizuri: kwamba hajui. Hicho ndicho anachokificha.

Wanafalsafa wana mfano wao maarufu wa wakaguzi wa vifaranga, ufundi uliokuzwa Japani katika miaka ya 1920 na 1930. Mkaguzi anamminya kifaranga wa siku moja, anatafuta kijipele kidogo kwenye tundu la nyuma, na kwa sekunde chache anasema dume au jike. Mara nyingi mno yuko sahihi. Wanafalsafa huuliza: kama hawezi kueleza amejuaje, kweli anajua? Mimi nauliza lingine: akikosea, nani analipa? Mkaguzi atapimwa, kwa sababu vifaranga watakua na watahesabiwa. Muuzaji wetu hapimwi. Jibu likija, yeye alishapanda matatu zamani.

Jirani ya Susu, kule Kitui, alinunua wanane kwa pesa za chama. Kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi 5 hadi 7, kwa hiyo alilisha na kungoja. Sita wakawika. Watu wakamwambia ashukuru, jogoo ana bei nzuri Desemba. Ni kweli, aliwauza. Lakini mayai ni pesa ya kila wiki: sukari, sabuni, daftari la mtoto. Jogoo ni pesa ya siku moja. Mama yule alikuwa ameamua anataka ipi, na mtu mwingine akabadilisha uamuzi wake bila kumuuliza.

Utaniambia muuzaji naye ni maskini. Ndiyo. Kungoja miezi mitatu ni mahindi, ni mwewe, ni kideri kinachoweza kumaliza boma zima. Kutojua kuna gharama, na lazima mtu aibebe. Susu ukimuuliza kifaranga wake ni nini, anamgeuza, anatazama miguu, anasema, "Bado." Wa "bado" anawauza kwa bei ya chini, na mnunuzi anabahatisha akijua anabahatisha. Waliojulikana wana bei yao. Yule wa katoni anauza "bado" kwa bei ya "ndiyo". Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo aliyoiba, hata kama kwa bahati wote wangekuja kutaga.

Sisi wa mjini tunauziwa katoni hiyo kila siku. Kozi ya miezi mitatu yenye kazi ya uhakika. Ploti ambayo barabara "inakuja mwaka ujao". Na wengine wetu ndio tunaouza: kwenye CV, kwenye mahojiano, hata kwa mpenzi tunayemwambia tuna uhakika naye ili tu asiondoke.

Simlazimishi mtu ajue yasiyojulikana. Ila ukiambiwa hizi zote ni mitetea, usibishane kuhusu upanga wala miguu. Muulize tu: "Akiwika, nikurudishie unibadilishie?" Anayejua atakupa namba yake ya simu. Asiyejua ataanza kucheka, na hapo bei inaweza kushuka.