Msimdharau Mama wa Mitumba

Nasema na sisi wa Moshi. Jumamosi tunainama kwenye soko la mitumba la Memorial kuchagua shati, Jumapili tukiulizwa limetoka wapi, tunajibu, “Dukani.” Uongo huo tumeuzoea hata ndani ya uzio wa kanisa. Chanzo chake ni kwamba tumekubali mioyoni kuwa aliyevaa kilichovaliwa na mwingine amepungukiwa utu, na anayekiuza amepungukiwa zaidi. Hilo ni neno la Shetani, na leo nalikemea!

Fungueni Waraka wa Yakobo, sura ya 2. Wanaingia wawili katika kusanyiko, mmoja ana pete ya dhahabu, mwingine ni maskini wa mavazi duni. Yakobo hawahukumu hao wawili. Anawahukumu waliokwisha kuketi, wanaogawa viti kwa kutazama nguo. Nasi je? Tunapochagua wazee wa kanisa, jina la mama wa mitumba hutajwa? Mchango wake wa harusi tunaupokea kwa mikono miwili, lakini siku ya sherehe tunamtafutia nafasi karibu na jiko.

Tena Mungu hulitumia hata vazi lililovaliwa na mwingine. Nabii Elisha alirarua nguo zake mwenyewe vipande viwili. Kisha akaliokota joho la Eliya, joho kuukuu lililopigwa jua na mvua za miaka, akayapiga nalo maji ya Yordani, maji yakagawanyika. Wana wa manabii walipomwona akija hawakumcheka kwa kubeba vazi la mtu. Walimwinamia mpaka chini!

Na mnaijua kazi ya huyu mama? Belo la nguo hununuliwa likiwa limefungwa. Analipa kwanza, ndipo anakata kamba huku anaomba. Akikuta gredi ya kwanza, ada ya mtoto imepatikana. Akikuta sweta zilizotoboka, marejesho ya mkopo wa VICOBA hayamsubiri. Usiku anafua, anashona vifungo, anapiga pasi, na alfajiri yuko barabarani. Baridi ya Juni na Julai inaposhuka kutoka mlimani, ni watoto wangapi wa usharika huu wanaokwenda shule wamevaa sweta iliyopita mikononi mwake?

Najua wapo wanaosema mitumba imeua viwanda. Uchungu huo ni wa haki, nami ninao. Kiwanda cha nguo cha Kiltex cha Arusha kilipofungwa, kazi za watu zilikwenda nacho. Lakini viwanda vyetu vilikuwa vimeshakosa vipuri na fedha za kigeni, na serikali ndiyo iliyolegeza uingizaji wa bidhaa kuanzia mwaka 1984. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru ya AGOA katika soko lake, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Hayo yaliamuliwa na marais, ndugu zangu. Mbona hukumu ya hayo tumemtwisha mwanamke aliyeketi juu ya turubai? Anayelilia viwanda akawadai wenye mamlaka, tena kwa sauti kubwa, na huyu mama amwache auze.

Basi tubuni, na toba ionekane. Ukisifiwa shati Jumapili ijayo, taja ulikolinunua na aliyekuuzia, ili naye apate wateja. Acheni kumpunja! Dukani unalipa bila neno, ila kwake unaitaka kwa elfu moja nguo ya elfu tano, na ukiipata unatamba. Nanyi madiwani mnaosali pamoja nasi, mnaoshauriwa kuwahamishia mama hawa nje ya mji ili katikati papendeze, kataeni. Wateja wako mjini, stendi iko mjini. Wapeni humuhumu sehemu yenye paa, maji na choo, na mlifanye hilo kabla ya masika.