Sahihi ya Aliyeshindwa

Jumamosi iliyopita tulimaliza mashindano madogo ya klabu, raundi 5, ya kujipima nguvu kabla ya safari ya Nairobi. Kila Pasaka huko huchezwa mashindano ya wazi ya Kenya, na sisi wa Mombasa hupeleka wachache, wale ambao kazi, shule na nauli vimewaruhusu. Tulikuwa wachezaji 22 katika darasa tunaloazimwa, meza 11, feni mbili, madirisha wazi upande wa barabara. Kombe lilichukuliwa na kijana wa chuo ambaye hakufungwa hata mechi moja. Alitoka sare mara moja tu, na aliyemzuia ni mama mmoja muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Tumepata saa mbili mpya za sataranji. Tumepata wanachama wapya 4, na 3 kati yao ni wasichana. Habari njema zote hizo, na nazifurahia.

Ila kilichonikaa moyoni ni karatasi moja ya raundi ya tatu. Nami ndiye niliyekuwa mwamuzi.

Asiyezoea sataranji huenda hajui kwamba kwenye mashindano rasmi mchezaji hasogezi kete tu, bali anaandika pia. Kila mmoja ana karatasi yake na kalamu yake, na kila hatua, iwe yake au ya mpinzani, huingia mstarini kwa herufi na namba za miraba ya ubao. Mechi ikiisha, wote wawili huandika matokeo na kutia sahihi kwenye karatasi zote mbili. Sheria za FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924, zimeliwekea jambo hili uzito mkubwa: matokeo yaliyotiwa sahihi na wote wawili ndiyo matokeo, hata yakiwa yameandikwa kimakosa, isipokuwa mwamuzi aamue vingine.

Siku ile binti wa miaka 11 alikuwa na kete nyeupe, na aliyeketi mbele yake ni mzee aliyestaafu kazi za bandarini. Mzee huyu amekulia kwenye bao. Akili yake ilinolewa barazani, kwenye namua na mtaji, na sataranji ameianza uzeeni baada ya mjukuu wake kumletea ubao nyumbani. Hucheza taratibu, hupumua kwa sauti, na akiona nafasi haiachi. Kwenye hatua ya 31 binti aliacha farasi wake bila mlinzi, mzee akamla, na tangu hapo mambo yakawa ya kuteremka tu. Binti alipambana mpaka akabaki na mfalme na askari wawili. Ndipo aliposimamisha saa, akanyoosha mkono.

"Umenifunga, babu."

Mzee aliupokea ule mkono kwa mikono yake miwili. "Umecheza vizuri, mjukuu wangu. Farasi ndiye aliyekuponza."

Maneno haya nilisimuliwa baadaye na waliokuwa meza ya jirani, kwa maana wakati huo nilikuwa upande wa pili wa darasa nikiamua ugomvi wa saa. Matokeo ya sataranji huandikwa kwa kumtanguliza mwenye kete nyeupe. Mzee, aliyekuwa na nyeusi, aliandika kama mtu yeyote ambavyo angesema kwa mdomo: mimi moja, wewe sufuri. 1–0. Binti, machozi yakiwa yamemlenga, alinakili vilevile na kutia sahihi bila kutazama. Karatasi zikaletwa mezani kwangu, nami nikazisoma kama zinavyosomwa: mweupe kashinda. Nikaingiza kwenye kompyuta, nikabandika orodha ya raundi ya nne mlangoni.

Watoto walikimbilia orodha kama kawaida yao. Mzee alikuta jina lake limeshuka hadi meza ya 9, akaenda akaketi kimya. Baadaye aliniambia alidhani mashine ina hesabu zake asizozielewa. Binti alijikuta meza ya 3. Nilimwona amesimama pale mlangoni muda mrefu, kidole juu ya jina lake, wenzake wakimpita. Kisha akaja.

"Mwalimu, mmenipa pointi si yangu. Babu ndiye aliyenifunga."

Nilizitafuta karatasi, nikamwonyesha sahihi yake.

"Nilisaini sikuangalia," akasema.

Nilijua, naye alijua, kwamba klabu ilikuwa imeahidi kumlipia nauli ya Nairobi mtoto wa chini ya miaka 13 atakayemaliza juu ya wenzake. Nikaikata ile 1–0, nikaandika 0–1, nikawaita wote wawili watie sahihi upya pembeni. Orodha ikapangwa tena. Raundi ya nne ilichelewa dakika 20, na wapo waliolalamika, nami siwalaumu. Kukaa na njaa kwenye darasa lenye joto ukingoja mwamuzi arekebishe makosa yake si jambo jepesi.

Tangu siku ile najiuliza ni mchezo gani mwingine unaomtaka aliyeshindwa aandike kushindwa kwake kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye mpira, refa hupuliza kipenga, waliofunga hubebwa juu, na waliofungwa wana haki ya kwenda nyumbani wakisema wameibiwa. Kwenye bao, aliyefungwa hutangaziwa na baraza zima. Atapigiwa kelele, atataniwa mpaka chai ya jioni, na utani ule nao una dawa yake. Kwenye sataranji ukumbi umenyamaza na hakuna wa kukutangazia. Hakuna mvua ya kusingizia wala dado iliyoanguka vibaya. Kete zote ziko wazi, zako na zake, tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichokufunga ulikuwa ukikitazama.

Na wachezaji wazuri kwa kawaida hawangoji mfalme azingirwe hadi pumzi ya mwisho. Mmoja hutazama ubao, akaona kwamba njia zote zinaishia mahali pamoja, akasimamisha saa na kutoa mkono. Hakuna aliyemlazimisha. Anajihukumu mwenyewe, kisha anachukua kalamu. Naona kitendo hicho ni kikubwa kuliko kombe. Nimemwona mtu mzima mwenye cheo chake kazini akikaa dakika 10 nzima na kalamu mkononi, haandiki, haondoki, kwa sababu aliyemfunga ni mvulana aliyevaa kaptura ya shule. Hatimaye aliandika. Wiki iliyofuata alirudi, na tangu hapo salamu yake kwa vijana ilibadilika.

Neno lenyewe la mwisho wa mchezo limebeba jambo hili. Lile "mat" la mataifa mengi lilitoka kwa Waajemi, "shah mat", mfalme kaishiwa. Shaha huyo tunaye katika Kiswahili pia. Ndiye yule shaha wa malenga, kiongozi wa washairi. Na shaha wa ubaoni haliwi. Kete nyingine zote huliwa na kuwekwa kando: askari, farasi, ngome, hata malkia. Mfalme peke yake hubaki amesimama pale alipokwama, mzima, mpaka kete zipangwe upya.

Siwezi kuandika haya bila kumkumbuka kijana mmoja wa mashindano yaleyale ya Nairobi, Aprili 2023. Wengi waliisikia habari yake, maana ilizunguka dunia. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alijiandikisha kwa jina la mwanamke, akavaa buibui na nikabu na miwani, akaketi katika kitengo cha wanawake. Waandaaji walisema mwanzoni hawakushuku lolote, kwani vazi lile ni la kawaida kwetu. Kisha wakaanza kuona mambo: hasemi na mtu, viatu vyake ni vya kiume, na huyu mgeni asiyejulikana na yeyote anawafunga wachezaji wenye majina. Raundi ya nne ilipokwisha aliitwa pembeni, akakiri.

Watu wengi walicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wale wanawake walioketi mbele yake. Kitengo chao kimewekwa ili wasichana wetu, ambao wengi wao huingia ukumbini na kukuta wanaume pekee, wapate mahali pa kusimamia. Walisafiri, wakalipa ada, wakatoa mkono na kutia sahihi kwa uaminifu kwamba wamefungwa na mwenzao. Kuna kitu walinyang'anywa zaidi ya pointi. Na dada zetu wanaovaa vazi lile kwa imani yao, wao hawakuwa na kosa lolote, na bado ndio waliogeukiwa na macho.

Ya pili ni yeye mwenyewe. Kucheza alijua. Hilo halina ubishi, alishinda ubaoni kwa akili yake. Lakini kila ushindi uliandikwa kwa jina la mtu asiyekuwepo. Sijui kama kuna upweke mkubwa kuliko huo kwa mchezaji: kufanya kazi nzuri kabisa ya kichwa chako, saa nyingi, na karatasi ikatoka bila wewe. Ukumbini kwetu siku ile binti alitia sahihi sufuri iliyo mbele ya jina lake, na jina lilikuwa lake.

Wapo waliodanganya wakiwa na kila kitu. Mwaka 2019, Strasbourg kule Ufaransa, bingwa mmoja wa Latvia mwenye cheo cha juu kabisa alinaswa akitumia simu chooni katikati ya mashindano, na FIDE ikamvua cheo. Huyo sina la kumtetea. Kijana wa Nairobi alisema ni shida za fedha zilizomsukuma. Shida si ruhusa, nami kama mwamuzi ningemtoa kwenye mashindano bila kusita. Ila aliandika barua ya kuomba radhi, akakubali kosa, akasema yuko tayari kwa adhabu. Barua ile aliiandika kwa jina lake halisi. Kwa macho yangu, hiyo ndiyo karatasi yake ya kwanza halali ya mashindano yale, na mtu aliyeweza kuiandika anastahili, adhabu yake ikiisha, kuvutiwa kiti.

Mchezo wenyewe umejengwa hivyo, kwa kumwachia aliyeanguka mahali. Mashindano mengi huendeshwa kwa mfumo wa Uswisi, uliotumika kwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1895. Hakuna anayefukuzwa kwa kufungwa. Ukifungwa raundi ya kwanza, ya pili unapangwa na aliyefungwa kama wewe. Ukifungwa zote, bado raundi ya mwisho kuna meza yenye jina lako na mpinzani anayekusubiri. Nimewahi kumwona mtu mwenye sufuri akipata ushindi wake wa kwanza jioni ya mwisho, taa zikiwa zimewashwa, wengine wakifunga mikoba.

Phiona Mutesi, yule msichana wa Katwe, Kampala, aliyefunzwa na Robert Katende na ambaye maisha yake yakawa kitabu mwaka 2012 na filamu mwaka 2016, tunamkumbuka kwa ushindi. Mimi hupenda zaidi kuwaambia watoto wa klabu juu ya mwaka 2010, alipoiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia, bado kijana mdogo, kwenye baridi asiyoijua. Mechi yake ya kwanza alifungwa na bingwa wa Kanada, Dina Kagramanov. Na huyo aliyemfunga alimtafuta baadaye, akampa zawadi ya vitabu vya sataranji. Watoto huniuliza kila mara: vitabu vya nini, na yeye ameshindwa?

Binti wetu alishinda raundi ya nne na kutoka sare ya tano. Pointi 2 na nusu. Mvulana mmoja alimaliza na 3, na nauli ya Nairobi ni yake. Ile pointi ingebaki pale ilipoandikwa, nani ajuaye. Wapinzani wangekuwa wengine, na siku nzima ingekwenda kivingine. Sikumwambia lolote juu ya hilo, naye hakuuliza. Alimsaidia mama yake kupanga viti, akamuaga mzee, wakatoka.

Karatasi zote huwa tunaziweka kwenye boksi la viatu kabatini. Jumamosi hii nilipofungua darasa mzee alikuwa amefika mapema, na binti pia. Mzee aliomba ile karatasi ya raundi ya tatu. Nikampa, yenye mkato wangu na sahihi mbili pembeni, ya mzee ndefu yenye mkia, ya binti herufi za shuleni. Wakapanga kete, wakaanza kuifuata mechi yao mstari kwa mstari, binti akisoma, mzee akisogeza, hadi hatua ya 31. Hapo mzee akaweka kidole juu ya mraba.

"Hapa," akasema. "Hapa ulikuwa na njia."

Binti alimrudisha farasi mahali pake, akashika tama, akaanza kuitafuta.