Ufundi Hukaa Wapi?

Katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, ambako nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania zimesimamishwa uwanjani kwa miti, udongo na nyasi, na ambako wafinyanzi, wasusi na wachongaji huonyesha kazi zao mbele ya wageni, huzuka suala lililo zito kuliko lidhaniwavyo: je, chungu kilichofinyangwa ili kitazamwe, wala si kupikiwa, ni chungu kwa hakika, au ni sura yake tu?

Wako wasemao kwamba kazi huhukumiwa kwa nia, na kwamba kitu kilichotengwa na haja yake kimekwisha kufa, hata kikihifadhiwa kwa taadhima. Kauli hiyo ina haki, lakini haikutimia. Kwani nyumba ya udongo huliwa na mchwa na kubomolewa na mvua, hata hapana budi kuijenga upya, wala hapana awezaye kuijenga ila aliyefundishwa na aliyemtangulia. Basi kuharibika kwa kitu ndiko kunakoidumisha elimu yake. Na ufundi, ambao hatukuurithi kuwa milki bali amana, haukai chunguni wala ukutani, bali katika mikono ya wanaofundishana. Maonyesho yasiyompa mtoto idhini ya kuushika udongo yameihini amana hiyo.